Namna ya Kujenga Kazi ya Kudumu kama Mpiga Pembe ya Kifaransa katika Bendi Huru

Mpiga pembe ya Kifaransa aliyelelewa katika okestra huingia kwenye bendi huru akiwa na upungufu mmoja ambao hauonekani mpaka siku ya kwanza ya mazoezi: amezoea kuandikiwa. Kwa miaka mingi karatasi iliyo mbele yake imemwambia apige noti gani, kwa nguvu kiasi gani, na anyamaze kwa muda gani. Katika bendi zinazojitungia, kujirekodia na kujisimamia zenyewe, ambazo wengi huziita bendi za indie, karatasi hiyo haipo. Mwimbaji atapiga wimbo wake kwa gitaa mara mbili, kisha atamgeukia mgeni na kumwomba aweke kitu kizuri pale katikati. Kile atakachokipiga katika dakika kumi zinazofuata ndicho kitakachoamua kama ataitwa tena. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kazi hiyo moja tangu mwanzo hadi mwisho: namna ya kuitunga sehemu yako mwenyewe, kuifanya isikike katikati ya magitaa na dramu, kuipiga usiku baada ya usiku bila kuiumiza midomo, na kuhakikisha kwamba unatambuliwa na kulipwa kwa ajili yake.

Nafasi yenyewe si ngeni. Mwaka 1966 The Beach Boys walifungua mmoja wa nyimbo zao zinazopendwa zaidi kwa pembe ya Kifaransa, na mwaka huohuo Alan Civil, mmoja wa wapiga pembe mashuhuri wa Uingereza, aliwapigia The Beatles sehemu ya pekee ambayo Paul McCartney aliiimba kwa mdomo na prodyuza George Martin akaiandika. Wapiga pembe wa namna hiyo walikuwa wageni wa saa chache, waliofika na kuondoka. Ndani ya The Who, kwa upande mwingine, John Entwistle alikuwa mpiga gitaa la besi aliyejifunza pembe tangu ujana wake, na aliitumia katika rekodi za bendi yake mwenyewe. Baada ya mwaka 2000 njia hii ya pili ilipanuka: Pietro Amato alipiga pembe katika Bell Orchestre na pamoja na Arcade Fire, na CJ Camerieri, anayepiga tarumbeta na pembe, amefanya kazi na Bon Iver huku akiwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la yMusic. Tofauti kati ya mgeni wa studio na mwanabendi ndiyo tofauti kati ya kupiga melodi ya mwenzako na kuileta ya kwako, na mtu anayetaka kazi ya kudumu anapaswa kulenga nafasi ya pili hata pale anapoanza na ya kwanza.

Masikio kabla ya karatasi

Kazi ya kwanza ni kuzoea funguo za gitaa. Pembe ya Kifaransa huandikiwa kwa ufunguo wa F, yaani noti iliyoandikwa hutoka chini kwa kwinti moja (umbali wa noti tano za skeli), hivyo C ya kwenye karatasi husikika kama F. Watunzi wengi wa bendi hutunga kwa gitaa, na gitaa hupenda G, D, A na E kwa sababu nyuzi zake zilizo wazi huitika vizuri katika funguo hizo. Kwa mpiga pembe, G hugeuka kuwa D yenye shapu 2 (shapu hupandisha noti nusu toni, flati huishusha), D hugeuka kuwa A yenye shapu 3, A hugeuka kuwa E yenye shapu 4, na E hugeuka kuwa B yenye shapu 5. Mtu aliyekulia katika muziki wa bendi za matarumbeta, ambako flati ndizo nyingi, hujikuta vidole vyake vimepotea. Tiba yake si ya ajabu: kwa miezi michache ya mwanzo, skeli za kila asubuhi ziwe hizo nne, kwenda juu na kushuka, kwa noti ndefu na kwa noti za haraka, mpaka B iliyoandikwa isikutishe kuliko C.

Zingatia pia kwamba mpiga gitaa anapokutajia ufunguo huenda anakutajia umbo la vidole vyake. Akiwa amebana shingo ya gitaa kwa kibanio kwenye kipande cha pili, umbo la G husikika kama A, na wewe ukipiga kwa kufuata neno lake utakuwa toni nzima nje ya wimbo. Zipo pia bendi zinazolegeza nyuzi zote kwa nusu toni, na hapo E huwa E-flati, ambayo kwa pembe ni B-flati yenye flati 2 tu na ni raha kubwa. Uliza mara zote noti inayosikika, kisha uihakikishe kwa kupiga polepole chini ya gitaa kabla ya watu wengine kuanza.

Ukipewa karatasi, mara nyingi itakuwa ni maneno ya wimbo na majina ya kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, yakiwa yameandikwa juu ya mistari. Kodi hizo huandikwa kwa sauti halisi, na hapa elimu ya okestra inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya wavumbuzi Stölzel na Blühmel kupata hataza ya vali, yaani vifaa vinavyobonyezwa kwa vidole kufungua mabomba ya ziada, mwaka 1818, pembe ilibadilishiwa ufunguo kwa kuongezewa au kupunguziwa bomba, na watunzi waliiandikia kwa funguo nyingi tofauti. Ndiyo sababu wanafunzi wa pembe hadi leo hufundishwa kuhamisha ufunguo kwa macho. Kusoma noti ya sauti halisi ni kuihamisha juu kwa kwinti, na ukiwa na mazoezi ya kutosha utaisoma karatasi ya mpiga kinanda bila kuandika chochote.

Zoezi lililonifaa zaidi ni hili. Nilichagua wimbo mmoja kila siku, nikautafuta mstari wa besi kwa masikio na kuupiga kwa pembe, kisha melodi ya mwimbaji, kisha mstari wa tatu ambao haumo kabisa katika rekodi. Siku za mwanzo mstari wa tatu ulinichukua saa nzima na ulikuwa dhaifu. Baada ya nyimbo kama hamsini ulianza kuja wenyewe kabla ubeti wa pili haujaisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba ninaweza kuingia katika chumba cha mazoezi cha watu nisiowajua.

Kutunga sehemu ambayo wimbo unaihitaji

Pembe ya Kifaransa ina sauti pana inayoweza kushuka hadi karibu na hezi 62 (hezi ni mitetemo kwa sekunde) na kupanda hadi karibu na hezi 698, lakini sehemu yake tamu iko katikati, na hapo katikati ndipo kila mtu anapokaa. Nyuzi wazi za gitaa huanzia kama hezi 82 na kuishia kama hezi 330, mwimbaji yuko hapohapo au juu kidogo, na kinanda kimejaza mapengo yaliyobaki. Mpiga pembe asiyelitambua hili hupiga noti nzuri ambayo hakuna anayeisikia, au mbaya zaidi, huyafunika maneno ya wimbo, na katika bendi huru maneno ndiyo roho ya wimbo. Kabla ya kuamua upige nini, amua upige wapi.

Mahali pa kwanza ni chini ya sauti ya mwimbaji, kwa noti ndefu zinazobeba noti ya tatu au ya saba ya kodi, ukihesabu kutoka mzizi wake, yaani noti inayoipa kodi jina, kwa kuwa mpiga besi tayari anao mzizi na mpiga gitaa tayari anayo ya tano. Noti moja ya tatu ikishikiliwa kwa utulivu huugeuza ubeti mkavu kuwa na joto, na msikilizaji hatajua joto hilo limetoka wapi. Mahali pa pili ni pale mwimbaji anapovuta pumzi: mwisho wa mstari, kati ya ubeti na kiitikio, au baada ya neno zito. Melodi fupi ya noti nne au tano inayojibu alichoimba ina thamani kuliko melodi ndefu inayoshindana naye. Mahali pa tatu ni oktava moja chini ya mwimbaji, sauti kwa sauti, katika kiitikio cha mwisho peke yake. Ukiitumia njia hii mapema umeimaliza. Eneo la juu kabisa lihifadhiwe kwa tukio moja katika wimbo, na wakati mwingine kwa tukio moja katika onyesho zima.

Kuhusu eneo hilo la juu, kuna hesabu ambayo mpiga pembe anaijua kwa midomo yake na wanabendi wenzake hawaijui. Noti za asili za bomba, yaani zile zinazotoka kwa midomo tu bila kubadili vali, hukaribiana kadiri unavyopanda. Kuanzia ya nane kwenda juu zinapishana kwa toni moja au chini ya hapo, na kosa dogo la midomo hukutupa kwenye noti jirani. Sauti hupasuka, na kwa kuwa bendi ina watu watano badala ya tisini, hakuna pa kujificha. Kwa hiyo ifikie noti ya juu kwa kupanda ngazi, usiirukie kutoka kwenye ukimya, na tunga kwa kuwaza usiku wa ishirini wa ziara, ukiwa umelala ndani ya gari na chumba kina baridi, badala ya kutunga kwa kuwaza alasiri ile njema ya studio ambapo kila kitu kilitoka. Nimewahi kujitungia mwanzo wa wimbo uliokuwa juu mno kwa sababu siku ya kurekodi midomo ilikuwa imara. Nililipia uamuzi huo kwa kila onyesho la mwaka mzima, na mwishowe niliomba ruhusa ya kuishusha oktava moja, jambo ambalo mashabiki waliokwisha kuizoea rekodi hawakulipenda.

Rangi ya sauti ni sehemu ya utunzi pia. Ukiliziba kabisa kwa mkono bakuli la pembe, yaani mdomo wake mpana unaotazama nyuma, sauti hupanda karibu nusu toni upande wa F (pembe nyingi zina mabomba ya pande mbili, F na B-flati), kwa hiyo vidole vinashuka nusu toni kuirekebisha, na kinachotoka ni mlio mwembamba wenye ukali wa chuma. Katika okestra huo ni mlio wa nadra. Kando ya gitaa la umeme lililokwaruzwa makusudi huwa kama ndugu yake, na watayarishaji wengi hufurahi kuugundua. Pedali za mwangwi hufaa pia, ilimradi uweke kikuza sauti cha awali kati ya maikrofoni na pedali, kwa sababu mawimbi ya maikrofoni ni dhaifu kuliko yale ambayo pedali za gitaa zimetengenezewa. Nashauri mwangwi mrefu utumike katika nyimbo zenye kodi chache. Kodi zikibadilika kwa haraka, noti ya zamani hugongana na mpya, na pembe hubebeshwa lawama isiyokuwa yake.

Jifunze vilevile kuwahi. Bakuli la pembe linatazama nyuma, sauti yake humfikia msikilizaji baada ya kugonga ukuta, na mwanzo wa noti zake ni laini. Kwa sababu hizo mpiga pembe husikika amechelewa hata pale anapoamini yuko sawasawa na dramu. Jirekodi ukiwa na metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, masikioni, angalia umbo la mawimbi kwenye kompyuta, na urekebishe mpaka uone noti zako zinaanza pale mpigo unapoanza.

Na kuna kunyamaza. Katika onyesho la nyimbo kumi na mbili, kwa maoni yangu pembe inatosha katika sita au saba. Nyimbo zilizobaki usisimame tu ukiwatazama wenzako. Piga kinanda kwa vidole viwili, tikisa manyanga, imba sauti ya pili, au shika tarumbeta kama midomo yako inavumilia kubadili kipulizio. Bendi huru hubeba watu wachache ndani ya gari moja, na mtu mwenye kazi mbili au tatu hukata tiketi yake kirahisi kuliko mwenye moja.

Kusikika jukwaani

Mafundi wengi wa sauti hawajawahi kuikuta pembe ya Kifaransa, na wataweka maikrofoni mbele yako kama anavyowekewa mpiga tarumbeta. Waeleze mapema na kwa heshima kwamba sauti inatokea nyuma, upande wa kulia. Maikrofoni ya kawaida ya dainamiki, mfano Shure SM57 au Sennheiser MD 421, ikiwekwa nyuma yako kwa umbali wa sentimita 30 hadi 60 na ikaelekezwa kwenye ukingo wa bakuli badala ya kwenye kitovu chake, hutoa sauti yenye mwili bila ule mkwaruzo wa mkono na hewa. Mpangilio huu una faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba mgongo wa maikrofoni unaitazama dramu, na maikrofoni za aina hii hazisikii vizuri kutoka mgongoni. Hasara ni kwamba uso wake unazitazama spika za sakafuni zinazokurudishia sauti, hivyo mlio wa kujizungusha huanza haraka. Sogeza spika hizo upande wa kushoto, au, kama bendi inaweza, tumia vipokea sauti vya masikioni. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye bakuli hukuacha huru kutembea, ila husikika karibu mno, kwa hiyo mwombe fundi apunguze kidogo eneo la kati na kuongeza mwangwi.

Usisimame kamwe ukiwa umeipa mgongo dramu kubwa au spika ya besi iliyo hatua moja nyuma yako. Mawimbi yao huingia kwenye bakuli, yakapita ndani ya bomba lote, yakaisukuma midomo yako wakati inatetema. Wapiga pembe wa okestra waliowekwa mbele ya timpani wanalijua jambo hili vizuri. Kwenye jukwaa dogo nafasi ni ya kugombania, lakini hili ni dai moja ambalo ninalisimamia hata kama nimefika mwisho: nipewe pembeni, nyuma yangu kuwe na ukuta au pazia.

Sauti ya pembe hubadilika kwa joto. Chuma kikiwa baridi noti zote hushuka, na tofauti ya nyuzi 10 za selsiasi katika hewa iliyomo ndani ya bomba huleta karibu theluthi ya nusu toni, ilhali kinanda cha umeme hakijali, kitabaki na A yake ya hezi 440. Katika wimbo ambao huna sehemu mpaka dakika ya nne, puliza hewa ya joto ndani ya bomba kimyakimya tangu dakika ya tatu, na mwaga maji wakati watu wanapiga makofi.

Studio, na chumba chako

Jukwaani tunaikaribia pembe kwa sababu tunalazimika. Studioni mambo hugeuka, na maikrofoni iwekwe mbali, mita 1 hadi 2, mara nyingi mbele au juu ya kichwa chako, nyuma yako kukiwa na ukuta mgumu au ubao wa kurudisha sauti, kwa kuwa pembe tunayoipenda masikioni ni ile iliyokwisha kugonga kitu. Maikrofoni ya utepe hulainisha ukali wake wa juu. Ukitakiwa kuwa kundi zima peke yako, rekodi mstari uleule mara nne lakini hama kiti kila mara, badilisha kidogo nguvu ya pumzi, na gawanya noti za kodi ziwe mbalimbali; ukikaa pale pale mara nne utapata pembe moja kubwa yenye ukungu.

Kazi nyingi sasa hutumwa kwa intaneti. Chumba chenye dari ya kutosha kinatosha kuliko vifaa vya gharama. Tuma faili za WAV zinazoanzia mwanzo kabisa wa wimbo hata kama unaingia katikati, bila mwangwi wowote, na utume mapendekezo mawili: moja la tahadhari na moja la ujasiri. Mara nyingi bendi huchukua la tahadhari katika ubeti na la ujasiri mwishoni, na unakuwa umewapa uhuru bila kuwapa mzigo wa kuchagua kati ya majaribio kumi na tano.

Midomo na masikio

Kelele ya jukwaa hukulazimisha kusukuma. Usipojisikia vizuri, unapuliza zaidi, unakandamiza kipulizio kwenye midomo, na kufikia wimbo wa nane noti hazitoki. Dawa ni kujisikia vizuri katika spika zako na kuikabidhi nguvu kwa fundi wa sauti. Pasha midomo kwa dakika 20 muda mrefu kabla ya onyesho, kisha tena kwa dakika 5 karibu na kupanda jukwaani. Kati ya hapo acha ipumzike. Siku ya safari isiyo na onyesho, dakika 15 za noti laini za chini zinatosha kuilinda kesho.

Masikio hayaponi. Kiwango kinachopendekezwa kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 una kama dakika 15. Vizibo vya kawaida humfanya mpiga pembe asikie mtetemo wa fuvu lake kuliko muziki. Vizibo vya wanamuziki vilivyochongwa kwa umbo la sikio na kuingia ndani zaidi hupunguza tatizo hilo, na ni ununuzi wa kwanza ninaomshauri kila anayeanza, kabla hata ya pedali.

Katika ziara, pembe yenye bakuli linalofunguka kwa skrubu na kubebwa katika sanduku bapa huingia kirahisi pale sanduku la kawaida linapokataliwa. Beba nyuzi za akiba za vali za mzunguko, bisibisi ndogo, mafuta ya vali na grisi. Uzi ukikatika dakika tano kabla ya kupanda, hakuna duka litakalokusaidia. Jifunze kuufunga nyumbani ukiwa na utulivu.

Kupata kazi, na kulipwa

Usitangaze tu kwamba unapiga pembe. Chagua bendi tatu ambazo nyimbo zao unazipenda kweli, hasa zile ambazo tayari zina fidla, kinanda au tarumbeta, kwa kuwa masikio yao yamekwisha kufunguka. Wape kila moja sekunde 40 za wimbo wao wenyewe ukiwa umeongeza sehemu yako. Hakuna barua ya maombi inayoweza kushindana na mtu kusikia wimbo wake umekua. Siku ya mazoezi fika ukiwa umehifadhi nyimbo zote kichwani, kwa sababu mtu anayesoma karatasi jukwaani katika bendi huru huonekana kama mgeni hadi siku ya mwisho. Ni wachache sana wanaoishi kwa bendi moja. Wengi huchanganya kufundisha, kurekodi, kupanga muziki kwa ajili ya wengine na kushika nafasi za dharura katika okestra. Okestra hupanga kalenda zake mapema na bendi hupanga zake kwa kuchelewa, kwa hiyo andika masharti yako: tarehe zikithibitishwa mpaka siku fulani ni za bendi, zikichelewa zinaweza kuwa zimekwenda.

Sasa nirudi kwenye karatasi ile isiyokuwepo, maana hapa ndipo inapouma. Kwa kuwa sehemu umeitunga wewe, swali la nani anaimiliki linazuka, na katika chumba cha mazoezi chenye furaha hakuna anayetaka kuliuliza. Wimbo una haki za aina mbili: ule utunzi wenyewe, na rekodi yake. Melodi ya pembe inayofungua wimbo na kumfanya msikilizaji autambue inaweza kuhesabiwa kuwa utunzi, au inaweza kuhesabiwa kuwa mapambo tu, na jibu hutegemea sana makubaliano yaliyoandikwa. Niliwahi kuitungia bendi moja melodi ya utangulizi. Nilipoondoka waliendelea kuipiga kwa kinanda katika kila onyesho, na sikuwa na mstari hata mmoja wa maandishi wa kuonyesha kwamba ilitoka kwangu. Tangu hapo, siku ileile sehemu inapokubaliwa, ninaomba karatasi fupi ya mgawanyo yenye jina la wimbo, majina ya watunzi, asilimia zao na saini. Asilimia yangu mara nyingine ni sifuri, na hilo ni sawa ikiwa nimelipwa kwa mkupuo na nimelijua kabla ya kupuliza.

Upande wa rekodi kuna hakishiriki za wasanii watumbuizaji, yaani haki za wale walioupiga au kuuimba wimbo, ambazo Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliziweka katika sheria za kimataifa. Katika nchi nyingi rekodi ikipigwa redioni, wapigaji wake wanastahili fungu, na taasisi za kukusanya mirabaha, kama PPL ya Uingereza, hutenganisha wasanii wakuu na wapigaji walioalikwa. Marekani iko tofauti: redio za kawaida haziwalipi wapigaji, ila redio za setilaiti na za intaneti hulipa, ambapo asilimia 50 huenda kwa mwenye rekodi, 45 kwa wasanii wakuu na 5 kwa wapigaji na waimbaji walioalikwa. Hakuna fungu litakalokufikia kama jina lako halimo. Kabla rekodi haijatoka, hakikisha jina na chombo chako vimeandikwa sawasawa, omba namba ya ISRC ya kila wimbo, yaani namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12, na ujisajili katika taasisi inayokuhusu.

Kuhusu ziara, malipo ya siku ya onyesho si swali la pekee. Uliza kama siku za mazoezi na za safari zinalipwa, nani analipia kitanda, posho ya chakula ni ya kila siku au ya siku za onyesho tu, pembe ina bima ya nani, na nini kitatokea onyesho likifutwa usiku wa kuamkia siku yake. Bendi isiyo na pesa lakini yenye majibu ya wazi kwa maswali haya ninaipenda kuliko yenye pesa na majibu ya kukwepa.

Itakuja siku ambayo huwezi kwenda: ugonjwa, msiba, au wiki ya okestra uliyokwisha kuiahidi. Jitayarishe kwa siku hiyo mapema kwa kuandika kila sehemu uliyoitunga, kwa ufunguo wa F, wimbo mmoja kwa ukurasa mmoja. Weka maneno ya mwimbaji juu ya noti ili mbadala wako ajue aingie baada ya neno gani. Onyesha mahali unapovuta pumzi, noti unazoziba kwa mkono, mahali unapoacha pembe na kushika manyanga, na oktava ya pili ya kukimbilia iwapo midomo imechoka. Juu ya ukurasa andika jina la wimbo, ufunguo unaosikika, kasi yake, na jina lako kama mtunzi wa sehemu hiyo pamoja na mwaka. Nakala moja mtumie kiongozi wa bendi, nyingine mpe mpiga pembe unayemwamini, na umwombe aje kwenye mazoezi angalau mara moja ukiwa bado upo.